Jumamosi ya Mwadingusha

Jumanne, 13 Mei
Tumekula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga tena. Umeme umekatika saa tisa, umerudi saa kumi na moja. Nimepiga pasi sare haraka kabla haujaondoka tena. Mama bado yuko hospitali, anapiga deki mpaka jioni. Baba amerudi kutoka machimbo ya Kakontwe, chokaa mpaka kwenye nyusi. Amenawa, amelala.

Prof Kasongo, anayetufundisha umeme, ametangaza safari. Darasa letu la sita la sekondari litakwenda Mwadingusha kuona bwawa na mitambo yake. Jumamosi tarehe 24. Amesema mimi ndiye nitakayewaeleza wenzangu jinsi mtambo unavyozunguka na kutoa umeme. "Clarisse iko na kichwa ya mashini," alisema mbele ya wote. Wavulana wakacheka. Nilifurahi.

Jumatano, 14 Mei
Mama ameingia anaimba. Hajaimba tangu Pasaka. Ana barua kutoka kwa Masera Béatrice, mtawa mkubwa wa hospitali. Miaka miwili Mama anamwomba. Sasa amekubali: nafasi moja ya kusoma uuguzi Lubumbashi, kila kitu kimelipwa, kwa mtoto wa mfanyakazi. Kwanza mtihani wa kuingia, hapa hapa mjini kwetu. Jumamosi tarehe 24, saa mbili asubuhi.

Nimesoma tarehe mara tatu.

Mama alikuwa ananitazama, anasubiri nifurahi. Nikafurahi. Nilifanya uso wa kufurahi.

Ijumaa, 16 Mei
Niandike hapa, maana sijamwambia mtu.

Mwezi wa kwanza, mtihani wa hesabu, mkono wangu ulikufa. Sijui neno lingine. Nilishika kalamu, vidole vikawa baridi, namba zikaanza kutembea kwenye karatasi. Moyo ukapiga mpaka nikadhani jirani anausikia. Kwa saa mbili nzima nimekaa. Niliandika jina langu tu. Mwalimu wa hesabu aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, malaria. Nyumbani nilisema alama hazijatoka. Hawajauliza tena.

Tangu siku ile kila nikisikia neno mtihani vidole vinaanza.

Nikienda uuguzi, ni karatasi ya mtihani. Nikienda Mwadingusha, hakuna karatasi. Basi ninataka bwawa kwa sababu ninapenda umeme, au kwa sababu ninaogopa? Leo nimejiuliza njia nzima kutoka masomo, pale shuleni, mpaka Kikula, mtaani kwetu.

Jumatatu, 19 Mei
Ruth ameuliza kama nitakuja. Ruth ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Baba yake anachimba mawe ya kobalti, yeye haogopi kitu. Nimemwambia kuna mtihani siku hiyo hiyo. Akasema, "Ambia mama yako kweli. Sema hautaki uuguzi." Kana kwamba ni kitu cha kusema.

Prof anataka karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa. Nimeikunja ndani ya daftari. Inanichoma.

Jumanne, 20 Mei
Nimefanya kitu kibaya.

Baba alikuwa mezani, macho mekundu kwa vumbi. Nikaweka karatasi mbele yake, nikasema, "Baba, ni ya masomo." Hakuuliza. Kifaransa kinamchosha. Akafuta mkono kwenye suruali ili asichafue karatasi, akatia sahihi polepole, jina lote. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sijadanganya. Ni ya masomo kweli.

Nimedanganya.

Alhamisi, 22 Mei
Ruth nimemwambia mtihani umesogezwa mpaka mwezi ujao. Akaruka kwa furaha. Prof nimempa karatasi. Mama nimemwambia ninasoma biolojia. Watu watatu, maneno matatu. Ninaogopa kukutana nao wote barabarani kwa pamoja.

Mama amewaambia wanawake wote wa hospitali. Wa jikoni, wa dobi, wote. Jana usiku alisali kwa sauti na kunitaja kwa jina. Sikuweza kusema amina.

Bado sijaamua. Naandika hivi ili nijiamini mwenyewe. Ninaweza kwenda kwenye mtihani. Bado ninaweza.

Sili vizuri. Leo nimetapika nyuma ya choo, nikamwaga maji haraka.

Jumamosi, 24 Mei, asubuhi
Saa kumi na moja. Baridi. Baba ameshaondoka kwenda kazini. Mama amenichemshia chai ya maziwa na yai. Yai zima, langu peke yangu. Ametia msalaba kwenye paji la uso wangu kwa dole gumba.

Barua inasema ni lazima kuja na kadi ya mwanafunzi. Kadi yangu iko chini ya redio. Ninaiona kutoka hapa ninapoandika.

Jumapili, 25 Mei
Niandike yote, kwa mpangilio, nisijitetee.

Kadi sikuisahau. Niliiacha. Nilifikiri: nikifika mlangoni watanifukuza, halitakuwa kosa langu. Hivyo ndivyo nilivyo.

Nilitembea mpaka kwenye jengo la mtihani. Wasichana walikuwa wamejipanga ukutani na kalamu mkononi. Mmoja alikuwa anacheka. Vidole vikaanza. Nilisimama upande wa pili wa barabara, labda dakika tano. Kisha miguu ikageuka. Nilikimbia mpaka masomo. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Prof alinipigia makofi.

Njiani wote waliimba. Mimi nilizima simu. Niliogopa jina la Mama litokee kwenye kioo.

Bwawa. Sijui niandike nini. Maji mengi yamekaa kimya, halafu chini mngurumo unaoingia mpaka kwenye meno. Tulivalishwa kofia ngumu. Mhandisi mmoja alituongoza ndani ya ukumbi wa mitambo, mikubwa kuliko nyumba yetu, safi, inazunguka. Prof akasema, "Clarisse, eleza." Nikaeleza. Maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha sumaku, nyaya zinapata umeme. Sauti yangu haikutetemeka. Mhandisi akaniuliza swali gumu, nikajibu, akanipa chaki nichore sakafuni. Nikachora. Mkono ulikuwa mzima. Nilisahau kila kitu, labda nusu saa. Sijawahi kuwa hivyo.

Tulipotoka nje nilikumbuka, na nikaogopa kuliko mwanzo.

Tulirudi saa kumi na moja jioni. Nilipoingia Kikula majirani walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yetu. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Huyu hapa! Iko muzima!" Nikaelewa.

Mama aliiona kadi saa moja na nusu, alipokuwa anapangusa redio. Alikimbia nayo mpaka kwenye mtihani, na viatu vya kazi. Aliomba wamwite Clarisse. Hakuna Clarisse. Alisubiri mlangoni mpaka wakafunga. Akapiga simu, imezimwa. Akaenda hospitali kutazama waliogongwa na magari. Akamtuma mtu Kakontwe, Baba akaja kutoka kazini. Wakaenda polisi. Wakaenda mochari. Mama aliingia mochari, akafunuliwa msichana mmoja. Hakuwa mimi.

Masomo palikuwa pamefungwa. Saa tisa ndipo walipomkuta mlinzi, naye akasema basi la darasa la sita limekwenda Mwadingusha.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kadi yangu mkononi. Nilipiga magoti. Nilingoja kofi. Alinishika uso, akanigusa masikio, mabega, mikono, kama anahakikisha viungo viko vyote. Kisha akaniachia, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ulikuwa wapi, weye?"

"Ku bwawa, Mama."

"Nani alikupa ruhusa?"

Baba alikuwa mlangoni, chokaa bado kwenye nywele. Nikaona uso wake unabadilika. Amekumbuka karatasi.

"Ni minye," Baba akasema, akijigusa kifuani. "Minye njo nilitia mukono."

Mama akamtazama. Aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba.

Baba hakunigombeza. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumatatu, 26 Mei
Hakuna anayeongea nyumbani. Vijiko tu.

Baba amekatwa mshahara wa siku moja kwa kuondoka bila ruhusa ya mkubwa wake. Nimesikia kwa jirani.

Ruth hanisemeshi. Nilimdanganya na yeye.

Alhamisi, 29 Mei
Mama amesema maneno sita tu: "Vaa. Tunaenda kwa Masera. Utasema mwenyewe."

Ofisi ya Masera Béatrice ina harufu ya dawa na nta. Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri njiani, tumbo la kuhara. Nilipofungua mdomo Mama alikuwa ananitazama. Nikasema, "Nilifika, nikaona wenzangu, nikakimbia. Niliogopa."

Masera hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema nafasi ameshaiandika kwa msichana mwingine, binti wa mama mmoja wa dobi, anayefua mashuka ya hospitali. Mwaka ujao hakuna ahadi.

Tulipotoka Mama alichukua ndoo yake. Nilimwona kwenye korido ndefu, ameinama, anapiga deki. Mama wa dobi akapita, akamsalimia kwa heshima nyingi mno. Mama akampongeza. Akampongeza vizuri, kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilijichukia njia nzima.

Jumamosi, 31 Mei
Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, mimi na Mama, uani. Akasema bila kuinua macho:

"Kuko nini mu ile karatasi ya mtihani, inakuogopesha hivi?"

Nikamwambia. Mwezi wa kwanza, mkono, jina tu, malaria ya uongo. Alama ambazo eti hazijatoka. Nikamwambia kwamba umeme ninaupenda, na kwamba hata hivyo sijui: nilikimbilia bwawa, au nilikimbia mtihani. Nikamwambia na kadi.

Majani yalikuwa yameisha, mikono yake bado inachambua hewa.

"Tangu mwezi wa kwanza. Sababu gani haukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Minye?"

Nilitaka kusema hapana.

"Ndiyo, Mama."

Aliinuka, akaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniuliza mtihani wa hesabu wa mwisho wa mwaka ni lini. Nikamwambia. Akarudia tarehe mara mbili, ili aishike.

Jumapili, 8 Juni
Keshokutwa. Vidole vimeanza leo kwenye misa. Nilimwambia Mama hapo hapo, kanisani, sikioni. Akanishika mkono, akauweka chini ya kitenge chake mpaka mwisho.

Ruth amenipa daftari lake la hesabu. Ameliweka mkononi mwangu, akaondoka.

Jumanne, 10 Juni
Mama ameomba ruhusa kazini. Tulitembea pamoja kutoka Kikula, kulikuwa na ukungu. Getini nilisema sitaweza. Akasema, "Basi ingia, ukashindwe ndani. Minye niko hapa." Akakaa kwenye jiwe, mgongo ukutani.

Mkono ulikufa. Namba zikatembea. Nikaukalia mkono, nikahesabu mpaka mia, nikautoa. Bado baridi. Nikaukalia tena. Mwalimu wa hesabu alipita akaona, akaendelea na njia yake. Sijui ni mara ya ngapi vidole viliposhika kalamu. Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Nikaliandika kwa herufi mbaya, kama za mtoto. La pili nikaliacha. La tatu, la nne. Kengele ililia nikiwa bado ninaandika. Mawili sikuyagusa. Labda nimepita, labda hapana.

Nilipotoka jua lilikuwa limetoka. Mama alikuwa bado kwenye lile jiwe. Amelala, mdomo wazi, pochi imebanwa kifuani. Wanafunzi walikuwa wanapita wanamtazama.

Nilikaa karibu naye. Sikumwamsha.