Gunia Kando ya Gunia

Wambui, mjukuu wangu,

Huku Gakindu tunamshukuru Mungu. Mzee wangu, guka yako, sasa anatembea bila fimbo, ati ameanza kuniringia. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza utafanya nini na yule mama anayekuja kwako kwa ushauri, wiki ya tatu sasa, anakaa tu bila kusema neno. Mimi sikusomea kazi yako. Lakini nilipokuwa msichana, jirani yetu Nyakio alirudi kwao kutoka kwa mume wake. Siku za kupeleka kahawa kiwandani tulitandika magunia chini, tukachagua mbivu na mbichi kabla ya kupimiwa. Siku moja nikaenda nikaketi mbele yake, nikamkazia macho, nikamuuliza, "Alikufanya nini?" Akakunja gunia lake, akaenda kuketi kule mwisho, peke yake.

Niliona haya. Siku zilizofuata nilitandika langu kando ya lake, nikamsalimu, nikachagua kahawa yangu, basi. Msimu ulikuwa karibu kuisha aliponiambia, "Usiniangalie. Endelea kuchagua." Akaanza kusema. Nami nikaendelea, hata nikawa nachagua zilizokwisha kuchaguliwa.

Aliyoniambia sitakuandikia. Ni yake.

Unasema labda umeshindwa, umpeleke kwa mwingine. Sawa, wewe ndiye unajua kazi. Lakini niambie, Wambui: wiki hizo zote tatu, ni nani alikuwa akimlazimisha kurudi?

Shosho yako