Obokano ya Baba Imepata Shule

Dada Kwamboka, bwakire! Tafadhali usikasirike. Nilipomleta Moraa wako kujaribiwa kwenye shule ya bweni ya muziki hapa Nyansiongo, nilibeba ile obokano, kinubi cha marehemu baba, uliyoificha darini tulipobatizwa na kanisa likakataza nyimbo za jadi. Nikazipiga nyuzi zote nane mpaka ng'ombe wa maziwa wa shule wakaacha kula! Mwalimu akasema, "Mzee, tunamtafuta mtoto, si wewe." Ndipo Moraa akaimba ule wimbo wa harusi wa baba, mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Ni mama, akichuma chai."

Nikasema moshi umeniingia machoni, na moto wenyewe haukuwepo. Amekubaliwa, dada! Obokano imebaki naye. Wewe chuma tu, na uimbe kwa sauti.

Kaka yako, Nyakundi