Chupa Ndani ya Chungu cha Mbegu

Jumanne, 2 Septemba
Nimechambua mbegu za maharagwe nusu debe, mkono ukagoma. Esperansi, muuguzi wa kituo cha afya, amefika na pikipiki, matope hadi magotini. Kaleta chupa ya morfini. Ninywe kila baada ya saa nne, nisingoje maumivu. Kauliza usingizi, kinywa, hata choo. Nani mwingine kijijini hapa Burungu anamuuliza mwalimu mstaafu habari za choo chake? Nampenda, ingawa ana maswali kama mkaguzi wa shule.

Ijumaa, 5 Septemba
Nyonga inawaka. Saratani ilianzia kwenye titi, sasa imehamia mifupani. Dawa sikunywa. Sokoni wanasema barabara ya Sake, inayoleta dawa, imefungwa tena. Chupa nimeificha ndani ya chungu cha mbegu. Nimekimbia vita mara nne, najua jinsi vitu vinavyoisha. Mbegu hailiwi, hata kwa njaa.

Jumapili, 7 Septemba
Misa imenipita. Aline, kitindamimba wangu, anafunga ndoa Jumamosi. Nataka kitu kimoja: kuketi benchi la mbele hadi baraka ya mwisho. Leo nimeshindwa kuketi hata kwa kula. Nimemfokea Aline bure. Naona aibu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimekamatwa. Esperansi kauliza chupa, nikasema imeisha. Uongo, na uzee huu! Hakubisha. Kaketi anisaidie kuchambua, kaingiza mkono chunguni, katoka na chupa imejaa. Nikangoja kugombezwa. Kacheka hadi machozi.

"Mama Mwalimu, mbegu tunabakisha juu ya kesho. Hii dawa njo ya leo. Barabara ikifungwa, ingine iko ku kituo. Na miye niko na miguu."

Kisha kanisugua nyayo. Tumepanga: mchana nifuate kengele ya shule, usiku Aline ataniamsha. Miaka thelathini niliipiga kengele ile mwenyewe. Sasa inanitawala.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimelala. Nimelala! Kichwa kizito kidogo, Esperansi alisema kitapita. Nimekula mboga ya sombe. Nimemwomba Aline msamaha.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeketi. Padri kahubiri mno, nimemsamehe. Saa nne, wakati wa dawa, Aline kainuka na shela lake, kanijia benchini na kipimo cha dawa, kanisa lote likitazama. Padri kangoja. Baraka ya mwisho nimeipokea nikiwa nimeketi wima. Asante, Mungu. Asante, Esperansi. Kwa mpangilio huo au mwingine, sijui.

Jumanne, 16 Septemba
Mvua nzuri. Watoto wanapanda maharagwe, mimi nawatazama kutoka mlangoni. Nyonga inauma kidogo tu. Najua sitayavuna mwenyewe, na leo sikuogopa kuandika hivyo. Esperansi kapita, nimemfungia mbegu kidogo za shamba lake. Chungu ni kitupu. Chupa iko mezani karibu na chumvi, imeshuka hadi nusu. Kengele ya shule imelia. Nimekunywa.