Aliyepita Chini ya Kreni

Vitengeni,
Kilifi.
9 Machi 2025

Mwanangu mpendwa Owen,

Hujambo huko Doha? Joto lasemaje, na kile kifua chako? Sisi wazima. Shamba limelimwa, twangoja mvua tu, na goti langu limeamka tena. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea. Marahaba, baba.

Barua hii anakuletea jirani yetu Gladys, kesho anarudi kazini huko. Simu siitaki kwa jambo hili. Wewe ukibanwa kidogo tu, mtandao unakatika.

Dada yako Kadzo amesimamishwa kazi kiwandani. Siku ile uliyokwenda kuwaaga wenzako wa pale kiwandani, yeye alikuwa juu kwenye kreni, amebeba kile chungu kikubwa cha chuma kilichoyeyuka, akipeleke kikamiminwe. Katikati ya njia akasimama. Asema alimwona mtu akikatiza chini akajikwaa, kisha moshi ukamfunika. Hakujua katoka au bado, basi akangoja. Mkubwa wa zamu akampigia kelele kwa redio apite. Akakataa, mpaka chuma kikaganda chunguni.

Wakubwa wasema hapakuwa na mtu. Jumatano wanamwamulia. Huyo mtu akijitokeza, Kadzo anarudi kazini. Asipojitokeza, basi, na nyumba hii wajua yasimama kwa mkono wa nani.

Jamani, mimi sielewi! Kadzo mdomo wake haujapata kuwa na kifuniko tangu utotoni. Leo ati hamjui aliyemwona!

Na wewe nawe. Jioni ile ulirudi umepauka, kisigino cha kiatu kimeungua, samaki wa kupaka hukumgusa, nawe ndiye mla samaki. Ulipofika huko, kabla hatujakwambia lolote, ukaniuliza, “Kadzo hawajamfukuza?” Nani alikupa habari? Najua kupita chini ya chungu ni kufukuzwa papo hapo, na kazi yako ya huko uliipata kwa barua ya sifa kutoka kiwandani. Nafunga hili na lile, nafungua, nachoka. Pengine nimezeeka nachanganya mambo. Naomba Mungu iwe hivyo.

Baba yako Mwambire akusalimu, ila hili sijamwambia. Purity wa Kadzo auliza ile saa uliyomwahidi. Mungu akukinge na jua la huko, akupe na moyo.

Jana tukichambua mchicha nilimbana dada yako: huyo mtu ni nani? Hakuinua macho. “Mama,” akasema, “ni mtoto wa mtu.”

Sasa nakuuliza wewe, baba. Mtoto wa nani?

Akupendaye,
mama yako, na mama yake Kadzo,
Kahaso