Uso wa Keza kwenye wavu wa pazia

Alhamisi. Mvua haijakata tangu asubuhi. Hapa Gungu maji yanapita mbele ya karakana yetu yakienda ziwani na kila uchafu walioacha watu barabarani. Nimekaa na simu mkononi, chai imepoa, na leo sina maringo.

Mnanijua. Humu kundini nimeshaandika mpaka mmechoka kuhusu binti yangu Zai. Mimi ni wa darasa la saba, kazi ya kuchapa fulana sikumfundisha, kaitafuta mwenyewe. Leo jezi za vijana kuanzia huku mpaka Rusimbi zimetoka mkononi mwake. Nikienda sokoni naangalia migongo ya watu kama mfugaji anavyoangalia mbuzi wake. Nani atamsifia mwanangu kama si mimi?

Leo naandika habari ya nyavu.

Kwa asiyejua, fulana huchapwa kwa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chenye vitundu. Pasipotakiwa rangi panazibwa kwa dawa, kisha rangi inasukumwa kwa mpira, inapita kwenye vitundu vilivyobaki, inakaa kwenye nguo. Sisi tunawamba kitambaa cha pazia, kile chepesi kinachouzwa kwa mita. Kwa herufi na namba za jezi kinatosha na kubaki. Uko wavu mwingine wa kiwandani, vitundu vyake huvioni hata uweke machoni. Huo mpaka uagize Mwanza, na bei yake acha tu.

Mwanzo wa mwezi alikuja Baba Keza. Mrundi, mrefu, amepewa kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi amtafute mtoto wake wa kike. Kule juu mpakani, watu walipogombania mitumbwi, mkono wa mtoto ulimponyoka. Yeye akapakiwa mtumbwi huu, akaamini mtoto kapakiwa mwingine. Alikuwa na picha moja kwenye simu. Karatasi alizobandika zililowa na kuchanika, ndiyo akataka sura ya Keza kwenye fulana, aivae na nduguze waivae, watembee nayo mwambao wote.

Zai aliikuza ile picha kwa vidole.

"Mama, huu ni uso. Tusubiri wavu wa Mwanza."

Mimi nikasema mbele ya mgeni, maana napenda kumsifu mbele za watu, "Mkono wako wewe hauhitaji wavu wa Mwanza."

Baba Keza naye akasema, "Nisubiri nini, mama? Umwana wanje, mwanangu, leo analala wapi?"

Hapo nani angesema asubiri. Tukachapa na pazia siku ileile, na wavu mzuri Zai akauagiza kimyakimya.

Ukiziangalia kwa mbali zile fulana unaona mtoto. Ukisogea karibu unaona mtoto vilevile, basi. Macho mawili, mdomo, weusi wa nywele. Jirani yangu Mama Shabani alizikuta zimeanikwa.

"Mama Zai, mmechapia chandarua? Si mngempa mtu akavulie dagaa."

"Macho yako ndiyo chandarua," nikamjibu, tukacheka.

Sikujua tulichokuwa tunakicheka.

Kila Baba Keza alikopita na ile fulana, watu walimwona Keza. Yuko Rusimbi anauza karanga. Yuko kambini kwa mama mlezi. Yuko Ujiji, kachukuliwa na mjane. Hawakuwa waongo, walisema walichokiona. Akaenda kote kwa miguu, na kila alikofika akaletewa mtoto wa mtu mwingine, mtoto anamtazama kwa woga, yeye anaomba radhi na kuondoka.

Halafu siku moja pale Kibirizi, wanaposhuka wasafiri wa mitumbwi, mwanamke Mrundi mwenzake alimkamata kifuani, akaishika ile fulana kwa mikono miwili, akalia kwamba huyu ni wake. Watu waliwaachanisha kwa shida.

Baba Keza alitusimulia akiwa amesimama hapo mlangoni. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Wavu wa Mwanza ukafika kwa basi. Zai akaukata, akauwamba mpaka ukigonga unalia kama ngoma, akachapa. Niseme ukweli, nikisahau huzuni iliyokuwepo nilijaa kiburi. Pengo la jino lilionekana. Shanga kwenye msuko zilionekana. Na juu ya nyusi ya kushoto palitokea kovu la uji wa moto ambalo wavu wa pazia ulikuwa umelimeza lote. Baba yake aliligusa kwa kidole, rangi haijakauka, akachafuka.

"Ego," akasema. "Ndiyo, ni yeye."

Nikamwambia Zai, hakuna fundi mkoa huu anayekufikia. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe.

Safari hii hakuna aliyemwona Keza Rusimbi, wala Ujiji. Watu walitazama, wakatikisa vichwa. Juzi Jumanne, Kibirizi tena, akashuka mama mmoja mtu mzima kutoka kijiji cha Mwamgongo na ndoo yake ya mawese. Akaitazama fulana mara moja tu. Akaweka ndoo chini.

"Baba," akamwambia, "kaa kwanza."

Huku kwetu habari ya msiba haipewi mtu aliyesimama. Baba Keza ni mgeni lakini kwao ni hivyohivyo. Anasema alipoambiwa akae alishajua, akabaki amesimama makusudi, kana kwamba asipokaa hawezi kuambiwa. Yule mama akamngoja. Hakuanza mpaka mwenzake alipokaa.

Ziwa lilimleta mtoto kijijini kwao. Yule mama ndiye aliyemwosha, na kovu lile alilipangusa akidhani ni tope. Wamemzika vizuri, juu kidogo, maji hayafiki. Jina hawakulijua, wakamwita Mgeni.

Zai tangu asikie hajala cha maana. Jana usiku kaniambia, "Mama, tungebaki na pazia, angekuwa bado anatafuta." Nikataka kumwambia kwamba baba ana haki ya kujua kaburi la mwanawe. Nikamtazama, nikasonga ugali.

Leo mchana Baba Keza kaja kutuaga. Mvua ikipungua anapanda mtumbwi kwenda Mwamgongo. Alikuwa na ile fulana nzuri mwilini, chini ya koti. Nikamuuliza za pazia ziko wapi, tuzichome, nikidhani namfanyia wema.

"Mbili wanazo ndugu zangu. Yangu nimempa yule Mrundi mwenzangu aliyenikamata Kibirizi," akasema. "Kila akiniona ananifuata. Nikamwambia, mama, huyu ni wangu. Akasema najua, lakini na wangu alikuwa hivi."

Yule mwanamke hana picha. Nyumba iliungua, simu iliingia ziwani. Hana hata kipande cha kumwonyesha mtu. Sasa anaivaa ile fulana bila kuifua, anaogopa sura itafifia.

"Fremu ile kama bado mnayo, mama, mchapieni nyingine."

Nilipogeuka, Zai alikuwa uani chini ya bati na ndoo ya dawa ya kufutia, brashi mkononi, fremu ya pazia imelazwa mbele yake. Alikuwa anataka kuifuta ile sura tangu juzi. Akanitazama.

Wavu mzuri hauna la kumchapia yule mama. Na huo mbaya, akizunguka nao, si atapelekwa Rusimbi, atapelekwa Ujiji, ataletewa watoto wa watu wanaomwogopa? Nikimnyima, anabaki na nini? Nimekaa na swali hili tangu saa nane na sijui ninalolifanya ni wema au ni ukatili.

Nimeichukua ile fremu kwa Zai. Nimeipangusa matone, nimeiweka ndani juu ya kabati la vyombo. Zai kachagua fulana nyeupe, nzito kidogo, kwa baridi ya huko kambini anakoishi yule mwanamke.

Jua likitoka, tutachapa.