Wifi, Neno Limenitoka Brussels

Weston, Toronto

Wifi yangu Salome,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali, nami nimekaa mezani hapa tangu chai ya asubuhi nisijue hali yako huulizwaje. Basi nianze na yangu. Mwili ni mzima. Bado nalala chini.

Najua ungeshika kiuno. "Chini? Mpaka leo?" Ndiyo, wifi, mpaka leo. Lile godoro ambalo Rehema alilitandika sebuleni siku tulipokuzika liko palepale, kati ya televisheni na meza ya chakula, na ukitaka kujua nani amebaki msibani, ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa. Watu walikuja, usidhani hawakuja. Walikuja wa kanisani, wakaja Watanzania wa Malvern waliovuka mji mzima kwa mabasi, akaja Mama Furaha wa Bukavu na sufuria lake ambalo mtu mmoja halinyanyui. Viatu vilijaa korido mpaka msimamizi wa jengo akapanda kuuliza kama kuna harusi. Rehema alipomweleza, akavua kofia, akashuka kwa ngazi badala ya kungoja lifti. Wanawake tulilala chini, kama inavyopasa. Lakini msiba wa huku unagawana watu na kazi. Huyu ana zamu kiwandani, yule ana wazee wa kuogesha, mwingine watoto wanakwenda shule. Kila asubuhi walipungua, wakiniaga kwa kunong'ona kama watu wanaotoka ibadani kabla ya baraka, hadi nikaamka nikajikuta peke yangu na masufuria ya watu. Matanga yako hayakuanuliwa, wifi. Yaliisha kama mchuzi jikoni, kila mtu kapakua kidogo na hakuna aliyesema umekwisha.

Mzee Yona wa kanisani aliniambia mlangoni, "Mama, kwa hapa mkubwa ni wewe. Siku ukiwa tayari, utasema." Alisema kwa heshima. Lakini wewe unajua kwamba mfiwa hajisemei. Neno lile ni la mtu mwingine. Kaka yako alipofariki, ulisafiri kutoka huku hadi Muheza, ukaingia chumbani nilimokaa, na hukunipa hata neno moja la kufariji. "Wifi, inuka. Tunaanua." Ukaanza kukunja mkeka ningali nimeukalia nusu. Nilikuchukia, nikakupenda, nikainuka. Kisha ukaniambia nifungashe, nakuja kukaa kwako, kwa sababu mwanangu Rehema uko naye na mimi peke yangu nitazoea vibaya.

Sasa niambie. Wa kunikunjia mkeka ni wewe, na aliyekufa ni wewe. Ningesemewa na nani? Nikabaki chini.

Rehema amenisihi mpaka amechoka. Unamjua. Wewe ndiye uliyemlea huku tangu hajaota meno ya mbele, na umemfanya mtoto mwema asiyeweza kujibu salamu kwa lugha yake. Nasema naye Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na hivyo ndivyo tunavyogombana, kila mtu kwenye ukingo wake. Alinunua kitanda. Kimesimama chumbani kwako na nailoni yake, na kila nikipita nahisi kama kuna mgeni ambaye hajakaribishwa kuketi.

Halafu akaleta habari ya safari.

Unakumbuka siku ulipopata pasi yako ya Kanada? Uliifungua jikoni, ukainusa, ukasema, "Sasa nitatoka kwenye kile kioo." Ndipo ukanisimulia jinsi ulivyokuja huku mara ya kwanza, ukashinda uwanja wa ndege wa Brussels tangu asubuhi hadi jioni ukingoja ndege ya pili, bila viza ya kutoka nje, mvua inanyesha upande wa pili wa dirisha. Ulisema, "Ulaya nimeiona kama mgonjwa anavyoiona harusi." Ukapanga twende wote. Siku chache tu, tule, tutembee, turudi. Nikasema tungoje majira ya joto, ukanicheka: "Mvua ndiyo niliyoiona. Jua la nini?" Kabla hatujakwenda ukaanza kukohoa.

Rehema, kwa kuwa anafanya kazi hapa uwanja wa ndege, hupata zile tiketi za wafanyakazi, za kukaa kando mpaka ijulikane kama kiti kipo. Akaja na mbili. Nikakataa. Mtu anayelala chini haendi kutalii. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba Shangazi hakuwahi kukanyaga kule, na kama mimi siendi, basi hakuna atakayekanyaga. Hapo alinipata. Nikaenda nikukanyagie.

Na sasa nikusimulie mji, maana wewe uliuona uwanja wa ndege tu.

Mvua ya Brussels si mvua tunayoijua. Kiswahili kina manyunyu, kina rasharasha, kina mvua ya mawe, lakini ile sikuipatia jina. Haikupigi, inakukalia. Unatoka hotelini mkavu, unafika kona ya pili, unagundua kwamba koti limekuwa zito bila kusikia tone hata moja. Watu wa pale hawakimbii. Nilichojifunza ni kwamba mji wa mvua hutembelewa kwa kuingia na kutoka, kama mtu anayekwenda kusalimia majirani: unaingia hapa ukauke, unatoka, unaingia pale. Tuliingia kwenye mtaa mzima ulioezekwa vioo, maduka huku na huku, mvua inapita juu ya kichwa kama mchele unaopepetwa. Tuliagiza chokoleti ya kunywa. Wifi, wanakuletea maziwa ya moto peke yake na chokoleti peke yake, ukoroge mwenyewe! Nilikusikia kabisa ukiuliza kama mpishi naye amekaa msibani.

Tulipanda tramu bila kujali inakwenda wapi. Ikatupeleka hadi mwisho wake, kwenye miti mirefu myeusi, dereva akatutazama, Rehema akatazama dirisha, ikageuka ikaturudisha. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya makoti ya sufu. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu alisinzia na mkate mrefu mapajani, na kila tramu ilipokata kona mkate ulinielekea kama unaniuliza jambo. Rehema akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uugue. Nami nikacheka, halafu nikaona aibu, nikafuta kioo kwa kiganja nijifanye naangalia nje.

Nitakuambia kweli: nilifurahi. Nilikula vizuri. Niliingia kanisa moja kubwa, baridi kama kisima, nikakaa nyuma nikisikiliza miavuli ya watu ikidondosha maji kwenye sakafu, na moyo ukatulia. Jioni nilirudi hotelini nikavuta blanketi nikalala sakafuni, kando ya kitanda cha kulipia. Rehema aliniona. Alizima taa, nikamsikia akigeukia ukutani.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na mwanga kidogo, tukaenda kwenye uwanja mmoja wa mawe ambako huuzwa vitu vya zamani. Hawana meza. Hutandika mashuka chini na kupanga juu yake vikombe, miwani, saa, vifungo, picha za harusi za watu usiowajua. Rehema akauliza vinatoka wapi. Muuzaji mmoja akamwambia vingi ni vya marehemu. Mzee anakufa, watoto wanataka kuuza nyumba, vyombo vinakuja hapa. Nikasimama mbele ya shuka moja, wifi, nikaona sanduku la sindano na nyuzi, kila uzi umezungushwa vizuri na mtu aliyedhani atautumia. Miguu ikakataa kuondoka.

Ndipo tone likanipiga usoni. Tone la kweli, la kwetu. Nikatazama juu, nikaona wingu limeshuka hadi kwenye mabomba ya moshi, na kabla sijajua ninafanya nini nikapaza sauti iliyotuliza madarasa miaka yangu yote ya ualimu:

"Anueni! Anueni, mvua hiyo!"

Uwanja mzima ukageuka. Nikaziba mdomo. Mwenye lile shuka, kijana mrefu wa Kikongo ambaye sikuwa nimemtazama, akanicheka kwa meno yote. "Tunaanua, Mama! Usisimame tu, shika kona hiyo, shika!" Nikashika. Rehema akashika ya pili, kijana zile mbili nyingine, na vyombo vyote vya yule marehemu vikajikusanya katikati kwa kishindo. "Mama ni wa wapi?" akaniuliza. Nikamwambia Muheza. "Sijapajua," akasema, "lakini sauti ni ya mama yangu," akabeba furushi lake akakimbilia kwenye gari.

Rehema alibaki mbele yangu, nywele zimelowa, akaniambia kwa Kiswahili, kizima, bila neno moja la kigeni:

"Mama, umesema. Umesema anueni."

Nikaanza kumfundisha. Unanijua. Nikamwambia lugha ina neno moja lenye kazi mbili, kwamba kuanua ni kuondoa nguo au nafaka iliyoanikwa, na kwamba kuanua matanga ni jambo jingine, lina mwenyewe wa kulisema, na kwamba mimi nilisemea vikombe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lakini Mama, watu huanua lini?"

Nikasema, mvua ikianza.

Nikajisikia nilivyosema. Maana kuna neno lingine, wifi, ndugu ya hilo: kuanuka, mvua inapokoma na mbingu kuwa nyeupe. Nimefundisha tofauti hiyo kwa watoto wa watu, nikawapa mitihani, nikawatia alama nyekundu. Na mimi mwenyewe mwaka huu wote nimelala sebuleni nikingoja kuanuke ndipo nianue. Hakuna mama aliyewahi kufanya hivyo. Nguo huondolewa kamba mvua ikiwa inashuka, unakimbia nazo kifuani, unalowa wewe zipone zenyewe.

Tulisimama chini ya paa la duka lililofungwa. Sitakudanganya kwamba mvua ilikoma. Ilizidi. Nililia sana pale, na Rehema hakuniambia ninyamaze. Alinishika mkono kama unavyomshika mtu anayevuka barabara.

Tumerudi. Hapa napo pamefunga, mto umejaa, ndege zinasikika lakini hazionekani. Nimempigia simu Mzee Yona. Jumamosi watu watakuja, na Mama Furaha amekwisha kunionya nisiguse jiko, kwa sababu mfiwa hapiki na mimi, anasema, hata nisipokuwa mfiwa huwa naunguza wali.

Sikuombi ruhusa, wifi. Ningekuomba, ungenisuta: "Unaniuliza mimi? Mimi niko huku!" Nakuarifu tu, kwa adabu, kwamba nimelichukua neno lako. Nitalisema mwenyewe mbele yao, mara moja, kwa sauti ile ya uwanjani. Kisha nitashika upande mmoja wa godoro na mwanao ashike wa pili.

Nakuahidi chumba chako hakitakuwa ghala. Nitachana ile nailoni. Nitaongea na Rehema Kiswahili hata akinijibu Kigiriki, maana nimejua kumbe kimo ndani. Na kila mwaka, nikiwa na nguvu, nitakwenda mahali pamoja ulipopapita bila kupakanyaga.

Kwaheri, Salome, dada wa mume wangu. Ulinikuta nimekaa chini ukaniinua; mara hii nainuka bila wewe, na magoti yanauma. Lala salama huko uliko. Nami nitajitahidi kulala, na nikilia, nitalilia kitandani.

Wifi yako,
Tabitha