Nilivyojifunika Kanga Darasani

Iringa, Jumanne, Julai 1974

Basi leo somo nimekuwa mimi. Mwalimu wa utamaduni kasema, “Ndugu, Mnyakyusa ni wewe tu hapa. Tuonyeshe mkamwana anavyojificha baba mkwe akipita.”

Nikajifunika kanga kichwa kizima, nikachuchumaa kando ya ubao. Darasa likacheka. Mmoja akauliza, “Huko kwenu Mbeya mpaka leo mnafanya hivi?”

Tunafanya. Mimi mwenyewe nafanya. Nikaivuta tu kanga inifunike zaidi.

Kanga bado inanukia moshi wa jikoni kwa mama. Tangu nije chuoni sijalia, maana bwenini tumejaa, hakuna pa kulilia. Leo nimelia ndani ya kanga, kimyakimya, mbele ya wote.

Nikafuta macho, nikajifunua. Wakanipigia makofi. Mwalimu akasema nimeigiza vizuri sana.